Mchoro wa Kijivu wa Scholastique

Nina duka la kuchapa na kufotokopi katika kartie Lumumba, mtaa mmoja wa Bunia, na kabla wengine hawajawasimulia habari za Mwalimu Scholastique kwa namna yao, acheni niwasimulie mimi Nicolas, kwa kuwa nusu ya kosa ni yangu. Nusu nyingine wagawane wao.

Wasomi wote wa Bunia wamepita mbele ya mashine yangu. Nimewachapia vitabu vyao vya kumaliza masomo, vile tunavyoviita mémoire: vya ndizi, vya sheria ya ardhi, vya malaria, vya nyuki. Mchapaji husoma hata asipotaka, na naweza kusema bila kumtukana mtu kwamba vingi vilinakiliwa kutoka kwa vingine, makosa yakiwemo. Kuna sentensi moja ya ndizi nimeichapa mara kumi na moja, kila mara chini ya jina jipya. Scholastique peke yake ndiye aliyeniletea kitu ambacho sikuwahi kukichapa: jinsi chembe iitwayo aksioni inavyogusana na mwanga katika nadharia za muungano mkuu. Niliposikia muungano mkuu nilidhani ni mambo ya serikali, nikamwambia mimi sichapi siasa. Alicheka hadi akakaa kwenye ndoo.

Alikuwa na miaka arobaini na tatu, mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, mwanamke mfupi mwenye vidole vya chaki na sauti inayonyamazisha darasa la watoto sabini bila fimbo. Hakuolewa, na ukimwuliza sababu anakuuliza wewe kwa nini sufuria yenye kifuniko inachemka upesi. Aliishi na mama yake, Mama Monique, nyuma ya shule. Alisoma jioni katika taasisi moja ya juu hapa mjini ili apate lisansi, yaani shahada, maana bila lisansi angefundisha sekondari hadi uzeeni, na yeye alitaka kuwafundisha walimu.

Lakini sababu ya kuchagua aksioni haikuwa lisansi. Baba yake alitoka kwa watu wa ng'ombe, mama yake kwa watu wa shamba, kule juu Kpandroma. Sitaji majina. Msomaji wa Ituri ameshaelewa, na wa mbali atosheke kujua kwamba Scholastique alizaliwa wakati ndoa kama hiyo ilikuwa ndoa tu, watu wakala wakacheza. Baadaye yakaja tuliyoyaona. Baba alipofariki, pande mbili zilimzika kila upande ukisimama mahali pake, na tangu siku hiyo, miaka kumi na tisa, hazijala chungu kimoja. Baba yake mdogo, Muzee Félicien, akimwona sokoni anamsalimia vizuri sana, anamwuliza kazi, anamwuliza afya, lakini habari za mama haziulizi. Wajomba nao hivyo hivyo. Mtu akiishi hivyo miaka kumi na tisa, anachoka.

Basi akaja Profesa Ézéchiel. Ni profesa mgeni, yaani anatoka Kisangani kwa ndege, anamimina saa arobaini na tano za somo ndani ya siku sita, anasahihisha mitihani, anaketi kwenye jopo la kusikiliza mémoire, kisha anaondoka, na wanafunzi wanabaki na vichwa vinavyouma. Katika saa ya mwisho kabisa alidokeza kwamba wapo wanaofikiri nguvu za ulimwengu, ile ya umeme na mwanga, ile dhaifu inayoozesha atomu, na ile kali inayofunga kiini chake, zilikuwa nguvu moja hapo mwanzo, kwenye joto kuu, ndipo zikatengana. Scholastique aliniambia alihisi kama mtu amemshika bega. Alimfuata profesa hadi kwenye pikipiki iliyomngoja, akamwomba kitu cha kusoma, naye akamwekea makala moja kwenye flashi.

Alinieleza mambo hayo nikichapa, na mimi niliyeanguka fizikia mara mbili niliyaelewa, jambo ambalo bado linanishangaza.

"Nicolas, weye uko na bokilo?" aliniuliza.

"Niko nabo mingi kupita nguvu yangu." Bokilo ndiye mkwe au shemeji, kama hamjui, na mimi nina tisa.

"Bokilo akikuja kwenu kwa sikukuu, anakula. Kukiwa kilio, anafanya nini?"

"Anachimba kaburi, anabeba kuni. Akikula tu na asibebe kitu, tutamufukuza."

"Njo vile," akasema, yaani ndivyo hivyo. "Aksioni ni bokilo. Kama nguvu zote zinatoka nyumba moja, haiwezi kugusa mwanga peke yake na kuacha ile nguvu kali. Ikigusa mmoja, imegusa bote. Na ile nguvu kali njo inaipatia uzito. Ikigusa mwanga sana, inabeba sana. Haiwezi kula na isibebe."

Makala yale yalikuwa na mchoro mmoja, na mambo yote yalikuwa humo. Mstari uliolala ulionyesha uzito wa chembe, uliosimama ulionyesha jinsi inavyogusa mwanga kwa nguvu, na katikati ulipanda mstari wa mshazari. Juu ya mshazari huo, kushoto, ni mahali pa bokilo mbaya, anayegusa mwanga sana na uzito hana. Kama nyumba ni moja, hapo pasiwe na mtu. Akipatikana hata mmoja hapo, nyumba haikuwa moja tangu mwanzo. Na watu wanatafuta kweli: wanaelekeza sumaku kubwa kwenye jua, wakingoja aksioni iingie humo igeuke kuwa mwanga. Sehemu ambazo wameshatafuta wasione kitu zilipakwa rangi kwenye mchoro.

Sasa sikieni kosa. Wakati ule, miaka minne iliyopita, printa yangu ilichapa nyeusi tu, wino wa rangi ulikuwa umekauka tangu zamani. Karatasi ilitoka na doa moja kubwa la kijivu. Chini yake maelezo yalisema kwamba bluu ni palipokwisha kutafutwa, na rangi ya chungwa ni panapotarajiwa kutafutwa na mashine ambazo hazijajengwa. Scholastique aliliona doa lake, akaniuliza, "Nicolas, angalia kwa kioo, bleu inaishia wapi?"

Kioo cha kompyuta yangu kilikuwa kigonjwa. Waya wake ulikuwa na pini iliyopinda, na kila kitu kilionekana bluu: barua za bluu, picha za arusi za bluu, hata uso wa askofu. Sisi wa dukani tulikwisha kuzoea. Foleni ilikuwa ndefu, jenereta ilikuwa inakohoa, nikatupa jicho nikamjibu, "Mama, yote iko bleu." Akaandika. Ile flashi wiki iliyofuata ikaliwa na virusi, akabaki na karatasi ya kijivu na neno langu.

Kwa hiyo sura yake ya tatu ilisema kwamba karibu mahali pote panapoweza kuvunja nyumba pameshatafutwa, na hakuna aliyeonekana. Nyumba ni moja. Mwongozaji wake, Bwana Osée, alisaini. Osée alikuwa na mémoire ishirini na mbili za kuongoza mwaka ule, na nathubutu kusema alisoma jalada na shukrani, ambamo jina lake lilikuwa la kwanza.

Siku ya kuitetea iliahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza bunduki zilisogea karibu na mji, taasisi ikafungwa. Mara ya pili ndege ya profesa haikuja. Mwaka huu ikapangwa Ijumaa, na profesa anaruka Jumamosi. Scholastique akafanya jambo ambalo mimi nisingelithubutu. Alikwenda kwa Muzee Félicien, kisha kwa wajomba, akawaambia kila upande maneno yale yale: njooni mnisikilize, nitaonyesha kwamba hata vitu vilivyotengana sana vilitoka nyumba moja, na hakuna aliyeweza kuonyesha vinginevyo, kisha tutakula kwetu. Kwa binti kupata lisansi, nani atakataa? Wakakubali wote. Mama Monique akaagiza samaki wa Kasenyi na kuanza kutwanga sombe, majani ya muhogo, tangu Jumatano.

Mimi nilikuwa nimenunua printa mpya, ya rangi, na kioo kizuri. Alhamisi adhuhuri nikawaza nimpe zawadi. Huwa sifuti mafaili ya watu. Makala yake yalikuwa bado kwenye diski ya mashine ya zamani. Nikachapa mchoro ule kwenye karatasi ngumu, mkubwa, autundike ukutani mbele ya jopo. Ulitoka mzuri, nikaupepea ukauke. Alipoingia kuchukua barua ya mwaliko nikamwonyesha kwa majivuno kama mtu aliyezaa.

Alitabasamu. Kisha tabasamu likabaki mdomoni bila mwenyewe.

"Nicolas. Hii ya orange ni nini?"

Mimi sikuwa nimeangalia. Bluu ilikuwa utepe tu kule juu, na chini yake chungwa tupu, mahali pengi, kupita bluu yenyewe. Yale yote aliyoandika kwamba yametafutwa, hakuna aliyeyatafuta.

"Weye uliniambia yote iko bleu," akasema, taratibu kabisa. Heri angenitukana.

Twende kwa Osée, nikasema. Tulimkuta ofisini akila karanga. Alitazama ule mchoro, akatazama mlango, akainuka akaufunga.

"Nani mwingine ameona hii?"

"Hakuna."

"Basi. Jury iko na kopi za noir-blanc, za kijivu kama yako. Profesa ana mémoire nane kesho. Weye soma vile uliandika, ujibu, ushuke. Kisha ukipata diplôme utasahihisha polepole."

"Chef, iko bongo." Bongo kwetu ni uongo.

"Haiko bongo, iko erreur d'impression, kosa ya kuchapa." Kisha akalainisha sauti. "Mama Scholastique, umengoja miaka mine. Na mimi nilisaini."

Njiani nilimwambia kwamba Osée ana haki. Ndiyo, nilisema hivyo, na nitakwepa nini. Nilimwambia aksioni hakuna aliyeiona, hapa Bunia nani atadhurika? Nilimtajia samaki waliokwisha kufika, nikamtajia muzee wake. Alikunja ile karatasi ngumu chini ya kwapa akaenda zake, nami nikarudi dukani nikamgombeza mteja asiye na kosa.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Upande wa dirisha waliketi watu wa baba yake, wanaume wanne na wake zao, Muzee Félicien mbele na kofia yake gotini. Upande wa mlango waliketi wajomba na Mama Monique. Katikati paliachwa mabenchi matupu, hadi wanafunzi walioingia wakichelewa wakayajaza bila kujua wanajaza nini. Kabla ya Scholastique walitetea wawili. Mmoja alikuwa na ile sentensi yangu ya ndizi. Akapata distinction, yaani alama ya heshima, watu wakapiga makofi, nami nikatazama dari.

Scholastique alivaa libaya la kijani, yaani blauzi ya kitenge, na viatu vilivyombana. Alitundika mchoro wa rangi. Nilipouona ukutani nilimtazama Osée mezani, naye akawa anatafuta kitu katika mfuko wake, akakitafuta hadi mwisho.

Alisema kwa Kifaransa. Nawapa kwa Kiswahili. Sura ya kwanza aliieleza vizuri, ya pili vizuri zaidi, na profesa akaacha kuandika ili amsikilize. Nilimwona Muzee Félicien akitikisa kichwa kama mtu aliye kanisani. Alipofika sura ya tatu alifunga kitabu chake.

"Sura ya tatu ya mémoire yangu si sahihi," alisema. "Nilifanyia kazi mchoro wa kijivu. Rangi zilikuwa mbili, mimi nilizihesabu kuwa moja. Sehemu hii ya chungwa bado haijachunguzwa na mtu yeyote. Niliandika kwamba imechunguzwa. Hitimisho langu lote limejengwa juu ya hapo."

Hakunitaja. Hakusema kioo, hakusema waya, hakusema Nicolas. Mimi nikajikuta nimesimama, na katika utetezi mtu wa nyuma haruhusiwi hata kukohoa kwa nguvu. "Bwana Profesa, ni miye! Kioo yangu ilikuwa mugonjwa!" Watu walicheka, na profesa akaniambia kwa upole niketi. Niliketi. Masikio yalikuwa yakiwaka moto.

Profesa Ézéchiel alivua miwani. "Uligundua lini?"

"Jana."

"Ungeweza kunyamaza. Kopi yangu ni ya kijivu." Aligeuka akamtazama Osée, kisha akarudi kwake. "Lakini maelezo chini ya mchoro yanataja rangi mbili. Uliyasoma?"

"Niliyasoma."

"Na hukushuku?"

Scholastique alishika ukingo wa meza. "Nilishuku," alisema. "Niliuliza mara moja, nikajibiwa vile nilivyotaka, sikuuliza tena. Nilitaka nyumba iwe moja."

Kisha akafanya jambo lisilo katika utaratibu wowote: akaligeuzia jopo mgongo, akawatazama jamaa zake, akasema kwa Kiswahili chetu. "Bazazi bangu, nilikuja kwenu nikawaambia kama batu bametafuta, habakuona kitu cha kuvunja nyumba. Nilisema mbaya. Hapa kidogo bametafuta. Hapa pote habajafika. Pengine kitu iko, pengine haiko. Siye hatujui. Munisamehe, niliwaita kwa kitu sikijui."

Mficha uchi hazai, ndivyo wanavyosema, lakini hawasemi jinsi inavyouma kumtazama mtu akijifunua. Mimi nililia, na sioni haya.

Jopo lilijitenga nusu saa. Liliporudi, profesa alisoma amesimama: mazungumzo yamekuwa mazuri, ujasiri umeonekana, lakini kazi haiwezi kupokelewa kama ilivyo. Sura ya tatu na hitimisho ziandikwe upya, mtahiniwa arudi katika ziara ijayo ya profesa. Lini? Alisema atakapopata ndege. Mwenye ndizi alikuwa nje akipigwa picha. Nawauliza ninyi, hii ni haki? Mwenyewe Scholastique aliniambia baadaye kwamba ni haki kabisa, na kwamba angekuwa yeye mezani angeamua hivyo hivyo, ndiyo maana siwezi kugombana naye vizuri.

Tulitembea hadi kwao kwa makundi mawili, vile vile walivyokuja. Uani sombe ilikuwa tayari, wali tayari, samaki wamepangwa kwenye sinia kubwa mbili, na viti vya kuazima vimezunguka. Hakuna aliyeketi. Karamu ilikuwa ya lisansi, na lisansi haikuwepo. Wajomba walisimama karibu na jiko. Watu wa baba walisimama karibu na lango, na mmoja wao alikwisha kuuliza pikipiki ziko wapi. Scholastique alisimama katikati na kile kitabu chake kifuani, amevua viatu, na hakujua aende upande upi. Nilijiona mwuaji.

Muzee Félicien alivaa kofia yake, ishara ya kuaga. Kisha akaivua tena.

"Mutoto," akasema. "Kile kitu cha kuvunja nyumba. Bamekiona?"

"Habajakiona, baba."

"Na kusema nyumba iko moja kweli. Bamehakikisha?"

"Habajahakikisha."

"Basi hamujui kitu."

"Hatujui."

Muzee akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, kama mtu aliyeambiwa barabara imekatika. Nadhani angeondoka. Ni Mama Monique aliyetoka jikoni na beseni la maji ya kunawa, mwanamke ambaye habari zake hazikuulizwa kwa miaka kumi na tisa. Alipita mbele ya ndugu zake bila kusimama, akavuka ua wote, akamsogezea shemeji yake beseni chini ya mikono.

"Kama hamujui," alimwambia, "mukule wakati hamujui."

Muzee aliyatazama yale maji. Ua mzima ulimtazama yeye. Akakunja mikono ya koti lake, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, akanawa, akauliza, "Monique, uko muzima?"

"Niko muzima, Félicien. Miguu tu."

Akaketi kwenye kiti cha karibu, kilichokuwa upande wa wajomba, na mjomba mkubwa akasogea ampe nafasi.